Soksi ya Mguu wa Kulia

Kwa karibu miaka mitatu, kazi ngumu kuliko zote katika siku yangu ilikuwa kuvaa soksi ya mguu wa kulia. Mimi ni mwalimu wa tenisi hapa Mombasa. Nilianza utotoni nikiokota mipira katika klabu moja, wenyewe wakimaliza kucheza tunaachiwa raketi zilizokatika nyuzi tukapige ukuta, na hadi leo ugali wangu unatoka kwenye kiwanja cha saruji. Mashindano ya klabu nimecheza mengi, nimeshinda machache. Hutanikuta kwenye orodha yoyote.

Januari 2019 Andy Murray alikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Melbourne, siku chache kabla ya mashindano makubwa ya Australia kuanza. Murray huyu ni Mskoti aliyetwaa Wimbledon mara mbili, 2013 na 2016, akachukua Mashindano ya Wazi ya Marekani 2012, na dhahabu mbili za Olimpiki. Novemba 2016 alikuwa nambari moja duniani. Wakamuuliza nyonga inaendeleaje. Alianza kujibu, sauti ikamkwama, akainuka akatoka nje. Aliporudi alieleza kwamba maumivu yamemshinda. Kiwanjani hali ni mbaya, lakini hata nyumbani kuvaa viatu na soksi kunamtesa.

Video hiyo tuliitazama klabuni adhuhuri, tumesongamana kwenye simu ya kijana mmoja chini ya mwembe. Mmoja wetu akasema, "Mzungu ana mamilioni yote yale, analilia soksi!" Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu asubuhi ile mke wangu ndiye aliyepiga magoti sakafuni akanivisha soksi yangu, na hakuna mtu pale aliyejua.

Tatizo langu lilianza msimu wa mvua za masika 2016. Kiwanja kilikuwa na unyevu, nikakimbilia mpira mfupi karibu na wavu, mguu wa kulia ukateleza mbele na kiwiliwili kikabaki nyuma. Nikasikia kitu kama uzi unaokatika kwenye kinena. Sikulala chini. Niliinuka nikawaambia watoto tuendelee. Baadaye daktari alinieleza kwamba ule mtelezo haukuiharibu nyonga, uliichokoza tu. Nyonga yenyewe ilikuwa imeliwa polepole kwa miaka ishirini na zaidi ya kukimbia juu ya saruji na viatu vilivyokwisha soli.

Ila daktari huyo nilimpata nikiwa nimeshachelewa sana. Maumivu ya nyonga yana ujanja wake, huweza kujificha kwenye goti. Mimi nilipokwenda hospitali ya kwanza nilishika goti, wakapiga picha goti, wakaniambia goti ni zima, nikapewa vidonge. Miezi sita baadaye nikarudi, wakapiga tena picha goti lile lile. Hakuna aliyenilaza chali akaukunja mguu wangu na kuuzungusha, kitu kinachochukua nusu dakika, ambacho siku ya siku kilinifanya nipige ukelele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Huko katikati nilizunguka kama wanavyozunguka watu wetu wote. Mzee mmoja wa mtaani aliniambia ni baridi yabisi, nikakandwa kwa mafuta ya moto. Mwingine akasema nimekaliwa na jicho la mtu, maana ninafundisha watoto wa matajiri. Na kwenye duka la dawa karibu na kituo cha matatu nilizoea kuchukua diklo, vile vidonge vikali vya maumivu, bila hata kuulizwa kitu, asubuhi moja na jioni moja, siku za mashindano tatu. Zilinifanya nicheze. Zilinifanya pia nitapike kitu cheusi kama mashapo ya kahawa usiku mmoja wa Ramadhani 2018. Vidonda vya tumbo nilivyovipata wakati ule vingali nami. Ukiniuliza ninachokijutia, si kile kiwanja chenye maji. Ni zile diklo, na ule uongo wa "niko sawa" nilioambatanisha na kila kidonge.

Maana nilidanganya sana. Nilijifunza kuchechemea bila kuchechemea: unasimama kidogo ukijifanya unatazama mipira, unafunga kamba za raketi, unawaita watoto waje kwako badala ya wewe kuwafuata. Mwalimu wa tenisi anayechechemea ni kama fundi saa ambaye saa yake imesimama. Wazazi watamtafuta mwingine. Ndivyo nilivyofikiri.

Kwa hiyo baada ya kucheka pale chini ya mwembe, nilirudi nyumbani nikaitafuta tena ile video, nikaitazama peke yangu. Nilitaka kujua atafanya nini. Kwa kweli nilitaka anifanyie uamuzi.

Nikaanza kumfuatilia. Nyonga yake ilikuwa ikimsumbua tangu zamani, lakini ilimlemea hasa katikati ya 2017, baada ya nusu fainali ya Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, Paris, aliyopoteza kwa Stan Wawrinka katika seti tano. Wimbledon ya mwaka ule alitolewa robo fainali na Sam Querrey, anachechemea mbele ya macho ya dunia nzima. Januari 2018 akafanyiwa upasuaji kulekule Melbourne, haukutosha. Sasa, 2019, alicheza mchezo wa raundi ya kwanza dhidi ya Roberto Bautista Agut, akafungwa seti mbili, akasawazisha, akapoteza ya tano. Baada ya mchezo wakaonyesha kwenye skrini ya uwanja video ya wachezaji wenzake wakimuaga, akina Federer, Nadal na Djokovic. Alikuwa na miaka 31, na alikuwa ameagwa kama maiti huku amesimama anatazama.

Wiki mbili baadaye alikuwa kwenye meza ya upasuaji London.

Kilichonivutia ni jinsi alivyofika mezani pale. Kulikuwa na Mmarekani, Bob Bryan, yule bingwa wa mechi za wawili wawili aliyekuwa akicheza na pacha wake, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa aina hiyo Agosti 2018 na miezi michache baadaye alikuwa amerudi mashindanoni. Bryan alizungumza na Murray, akamweleza alivyokuwa na alivyo. Na Murray mwenyewe alisema waziwazi kwamba upasuaji ule ni wa kumwezesha kuishi bila maumivu. Kurudi kwenye tenisi hakuna aliyemwahidi. Hapo nilikaa kimya. Miaka yote nilikuwa najiuliza, "Nikipasuliwa nitaweza kucheza?" Sijawahi kujiuliza kama nitaweza kulala ubavu wa kulia.

Hata hivyo sikwenda. Mwenzangu Murray alikuwa na mtaalamu wa viungo anayesafiri naye, na mimi nilikuwa na karo ya shule. Usidanganywe na wanaosema mapenzi ya moyo yanatosha. Mwili hutengenezwa kwa pesa. Nilikwenda mwishoni mwa 2021, baada ya korona kutufungia klabu na kunimalizia akiba, siku binti yangu aliponikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi inaning'inia kwenye kidole gumba, nalia. Akasema, "Baba, basi." Hilo tu. Nikamwambia mama yake, mama yake akawaambia ndugu zake, na jioni ile kundi la WhatsApp la mchango likawa limeshafunguliwa. Wazazi wa wanafunzi waliingia, wale wale niliokuwa nawaficha. Mmoja aliniandikia: "Mwalimu, tulikuwa tunakuona. Tulidhani hutaki tuseme." Bima ya taifa ililipa sehemu, mchango ukalipa nyingine, pikipiki yangu ikalipa iliyobaki.

Daktari aliyenipasua alinichorea kwenye karatasi. Nyonga, alisema, ni mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ndio mpira, na katikati kuna gegedu, laini kama ngozi ya ndani ya yai lililochemshwa. Langu lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Nikamuuliza kuhusu ile ya Murray, maana nilikuwa nimeiona picha ya eksirei aliyoirusha mwenyewe Instagram, chuma cheupe kama uyoga ndani ya paja. Akacheka, akasema wagonjwa siku hizi wanakuja wamesoma. Akanieleza: ile ya Murray haikati kichwa cha mfupa. Wanakichonga, kisha wanakivisha kofia ya chuma, na kwenye kikombe wanaweka chuma kingine. Inawafaa zaidi wanaume wenye umri mdogo na mfupa imara. Mimi kichwa changu kilikuwa kimeshaharibika kiasi kwamba hakuna cha kuvisha kofia. Kingekatwa, msumari wa chuma uingizwe ndani ya uvungu wa paja, juu yake ukae mpira mpya. "Ya kwako wewe ni nyumba mpya," alisema. "Ya yule ni kubadilisha mabati."

Upasuaji wenyewe siukumbuki. Nakumbuka siku ya pili yake, binti mdogo wa fiziotherapia, labda hajafika miaka ishirini na mitano, akinisimamisha na magongo na kunifundisha ngazi. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza mgonjwa. Nilijikuta nairudia kichwani kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha yale makatazo: nisikae chini, nisikunje nne, goti lisipande juu kuliko nyonga, la sivyo mpira mpya utachomoka. Nyumbani tuliinua kitanda kwa matofali. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, basi shemeji alichukua kiti cha plastiki akakitoboa katikati kwa msumeno, akanikabidhi kwa adabu zote kama anayekabidhi zawadi ya harusi.

Na soksi? Kuinama ndiko kulikokatazwa zaidi. Yule binti wa fiziotherapia akaniambia nitafute kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, urefu kama shubiri moja na nusu. Shemeji tena: akalipasua kwa urefu likawa kama mfereji, akalisugua kingo kwa msasa, akatoboa matundu mawili upande mmoja na kupitisha kamba mbili za kuanikia nguo. Unaivisha soksi kwenye bomba, unalidondosha sakafuni umeshika kamba, unaingiza mguu, unavuta. Bomba linatokea nyuma ya kisigino, soksi inabaki mguuni. Siku ya kwanza ilinichukua robo saa na ikakaa upande, kisigino cha soksi kiko juu ya unyayo. Sikuigusa. Nilikaa nayo hivyo hivyo siku nzima.

Miezi mitatu ikapita, nikarudi kiwanjani, lakini kwenye kiti. Hapa ndipo pana jambo ambalo sikulitarajia. Miaka yote nilifundisha kwa mwili. Mtoto akikosea bekihendi, lile pigo la mgongo wa mkono, nampokonya raketi, nampigia tatu safi, nasema, "Umeona?" Mtoto anasema ndiyo. Hajaona kitu, ameona mwalimu wake anajua kucheza. Sasa sikuweza kuonyesha chochote. Nimekaa pembeni ya wavu, magongo chini, sina ila macho na mdomo.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye mipira yake yote ya fohendi, pigo la upande wa kiganja, ilikuwa inaruka nje. Kwa mwaka mzima nilikuwa nampigia kelele afunge uso wa raketi. Kutoka kwenye kiti, macho yangu yakiwa usawa wa kiuno chake, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa nimesimama: kila anapotaka kupiga, kidole gumba cha mguu wa kushoto kinainuka ndani ya kiatu. Ngozi ya kiatu ilikuwa inavimba pale mbele. Alikuwa anaegemea nyuma, anauogopa mpira, na raketi ilikuwa inafuata mwili tu. Nikamuuliza kwa upole kama mpira uliwahi kumpiga. Akanyamaza, kisha akagusa jicho. Tulitumia wiki mbili kurushiana mipira laini kwa mkono, bila raketi kabisa, mimi nimekaa, yeye anasogea mbele hatua moja kila siku. Fohendi ikajitengeneza yenyewe. Mwaka mzima nilikuwa natibu goti, ugonjwa uko nyonga.

Sasa nije kwenye siku ninayoipenda. Alhamisi, Januari 19, 2023. Murray, miaka 35, nyonga ya chuma, anacheza na Thanasi Kokkinakis mbele ya Waaustralia wenzake huyo. Raundi ya pili tu ya mashindano yale yale ya Australia. Walianza usiku wa Melbourne, huku kwetu ni saa nane mchana na dakika ishirini. Sikuwa na darasa. Nikawasha, nikaona anapoteza seti ya kwanza. Akapoteza ya pili. Nikaenda kusali alasiri kwa moyo mzito, niliporudi alikuwa nyuma katika ya tatu pia.

Kuna mpira mmoja katika seti ile, waliouona hawausahau. Kokkinakis anampiga smashi, pigo kali la kutoka juu ya kichwa, Murray anaurudisha. Smashi nyingine, anaurudisha, yuko nyuma kabisa karibu na ukuta wa matangazo. Nyingine tena. Mpaka mwishowe mwenzake anakosea na uwanja unapasuka kwa kelele. Mimi nilikuwa nimeshika nyonga yangu kwa mikono miwili bila kujijua. Mke wangu akapita na sinia la mahamri, akaniuliza, "Kwani wewe ndiye unayecheza?"

Alichukua seti ya tatu kwa pointi za kuvunja sare, akachukua ya nne. Magharibi ikaadhiniwa, nikasali, nikarudi. Majirani wawili waliokuja kutafuta habari za mpira wa miguu wakakaa nao, hawajui hata pointi za tenisi zinahesabiwaje. Saa mbili usiku na dakika tano kwa saa zetu alishinda seti ya tano, gemu saba kwa tano. Wamecheza kwa muda wa saa tano na dakika arobaini na tano. Melbourne ilikuwa saa kumi na dakika tano alfajiri, na kuna watu walikuwa hawajaondoka viwanjani.

Siku mbili baadaye alipambana na nani? Na yule yule Bautista Agut wa ile mechi ya kuagwa, na akafungwa. Hilo halisimuliwi sana. Baada ya nyonga ya chuma Murray hakuvuka tena raundi ya tatu katika yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, akicheza peke yake. Alitwaa kombe moja tu la ngazi ya juu, Antwerp, Oktoba 2019, kwa kumfunga Wawrinka huyo huyo wa Paris, akaketi kitini analia. Orodhani alipanda hadi nafasi ya 36, akaishia hapo. Mtu aliyekuwa wa kwanza! Machi 2024 akachana kano za kifundo cha mguu huko Miami. Juni mgongo ukapasuliwa. Julai akacheza Wimbledon wawili wawili na kaka yake, wakafungwa. Akamalizia Olimpiki ya Paris, wawili wawili tena, na Dan Evans, wakaokoa pointi za kutolewa mara kadhaa, hadi Agosti 1 Wamarekani wawili walipowatoa robo fainali. Usiku ule aliandika mtandaoni kwa mzaha kwamba tenisi yenyewe hata hakuwahi kuipenda.

Wenzangu klabuni wanasema angeacha 2019, angekumbukwa akiwa juu. Tumebishana sana. Mimi nawauliza: akumbukwe na nani? Sisi tulikuwa tumeshamuaga kwa video. Ile miaka mitano na nusu ilikuwa yake, si yetu. Mtu akiamka asubuhi hana maumivu na anataka kwenda Antwerp kufungwa na kijana wa miaka ishirini, nani amzuie? Ninaposimama siku hizi nikampigia mtoto mipira kumi laini kutoka mstari wa katikati, siwezi kuukimbilia hata mmoja unaokwenda pembeni. Naupungia mkono. Watoto wamezoea, wanasema, "Kocha ameuaga."

Vingine havikurudi. Sijdah yangu sasa ni ya kuinama kwenye kiti. Msikitini kwetu viti vimepangwa mwisho wa safu, upande wa kulia, na Ijumaa ya kwanza nilipokwenda kukaa pale, nina miaka arobaini na tano, wazee wanne waligeuka wakanitazama. Mmoja akasogeza fimbo yake akasema, "Karibu, kijana." Paji la uso halijagusa mkeka tangu hapo. Hilo linaniuma kuliko fohendi.

Mzee yule wa fimbo ndiye aliyenijia mwezi uliopita. Yeye pia amepangiwa upasuaji, nyonga ya kushoto, na hakuniuliza kuhusu chuma wala gharama. Alisubiri watu watoke, akasogea karibu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, soksi unavaaje?"

Nilimpelekea bomba jioni ile ile. Mimi silihitaji tena. Yangu naivaa kwa mkono, ya mwisho na polepole. Nikamwonyesha namna ya kulidondosha na kuvuta, akajaribu mara mbili, ya pili ikakaa sawa. Akitosheka nalo asinirudishie, ampe mwingine. Ila kamba ya kushoto imeanza kulika pale kwenye tundu, nimemwambia aibadilishe kwanza.